Kitambaa cha Oliver

Mimi ni jirani wa Milka tangu nilipoolewa huku nje kidogo ya Oyugis. Kati yetu kuna ua wa michongoma ambao kuku wangu hawajawahi kuuheshimu, kwa hiyo ya kwake nayajua na yangu anayajua. Anayedhani natia chumvi aje aniulize ana kwa ana.

Siku ambayo Edith, binti yake, alirudi kutoka Nairobi, nilikuwa naanika mahindi. Alikuja na kamera na furushi la vitambaa, akanieleza kazi yake, nami nikamcheka. Alikuwa akipiga picha watu wasiokuwepo! Anachukua picha ya zamani ya mtu aliyehama, anaichapisha kwenye kitambaa kwa kimo chake halisi, anakitundika katika nyumba aliyoiacha, kisha anapiga picha familia ikiwa imesimama kando yake. Kila familia aliipa nakala yake ndani ya fremu, na nyingine zingepelekwa kwenye maonyesho. Alikuwa ameanzia mpakani, Ntimaru, kwa mama wa Kikuria aitwaye Bhoke, ambaye mumewe Mwikwabe alivuka kwenda Tanzania na hajarudi. Akapitia Ogwedhi, akapitia Migori mjini.

"Sasa ni zamu ya kwetu," alisema. Alimaanisha Oliver, kaka yake mkubwa.

Oliver alikwenda Tanzania kuchimba dhahabu. Simu zake zilipungua, mwishowe zikakoma. Milka hakukubali kwamba mwanawe amekufa. Kila jioni alifagia simba yake, ile nyumba ndogo ya kijana karibu na lango, kisha akaurudisha mlango polepole asije akamwamsha mtu. Edith alipotundika kitambaa mle ndani, Oliver akiwa amechuchumaa mbele ya mlango huo huo na kutabasamu, Milka alimgusa mashavu akalia. Nilitoka nje. Sikuweza kumtazama. Edith akampiga picha kando ya kitambaa, na fremu yao ikatundikwa ukutani kwa Milka.

Lakini Joash, mdogo wao, alitaka kuoa na kujenga, na kwetu mdogo hamruki mkubwa. Baba yao mdogo, Benard, akasema mtu asiyepatikana huzikwa kwa yago. Yago ni tunda la mwegea, refu na zito. Hulazwa kaburini badala ya mwili ili aliyepotea atulie na waliobaki waendelee na maisha.

"Mkimzika, mmeniua na mimi," Milka alisema.

"Min Oliver, hii miaka yote tumengoja," Benard alimjibu kwa upole, akimwita mama yake Oliver kwa Kijaluo. "Wacha apumzike."

Milka alizidiwa kauli. Siku ya mazishi jua lilikuwa kali. Edith aliliona lile tunda limelala kwenye udongo bila kitu, uvumilivu ukamwisha. Alikimbilia simba, akakishusha kitambaa, akalifunga yago ndani yake.

"Edith, hapana," Benard alinong'ona. "Yago haina sura. Hiyo iko na sura ya mtu."

"Ni brother yangu, baba. Siwezi kumzika uchi."

Nani angebishana na msichana anayelia vile? Tukaacha. Vijana wakaanza kumwaga udongo.

Simu ya Milka ikalia.

Ilikuwa namba ngeni. Masikio ya Milka si mazuri, kwa hiyo huweka simu kwa spika. Sote tulisikia.

"Mama. Ni Oliver."

Majembe yalisimama.

"Nyathina?" Milka alisema. Mtoto wangu.

"Nimevuka Isebania. Niko ndani ya gari, nakuja nyumbani. Mama, unisamehe tu..." Aliposema tena, sauti ilikuwa chini sana. "Mama, mbona kumekuwa giza?"

Jua lilikuwa utosini.

"Mama. Niko na udongo kwa mdomo."

Simu haikukatika. Tulisikia pumzi. Fupi. Fupi zaidi. Halafu kimya.

Joash aliruka kaburini. Alifukua kwa mikono, nasi tukamfuata. Tulikivuta kitambaa, tukakikunjua. Simba ilikuwepo pichani. Mlango ulikuwepo. Oliver hakuwepo.

Joash alimtafuta dereva mpaka akampata. Dereva alikiri kwamba kulikuwa na abiria kiti cha nyuma, dirishani. Walipofika Migori kiti kilikuwa kitupu, na hakuna aliyemwona akishuka. Tuliuliza hospitali, tukauliza mochari. Wapi!

"Nimemzika akiwa njiani," Edith aliniambia. Alikuwa hali, halali. Nilimshika mkono tu.

Kisha Bhoke akapiga simu kutoka Ntimaru.

"Edith, mwanangu, huyu kijana kwa picha yangu ni nani? Amechuchumaa kwa mlango. Uso wake ni udongo mtupu."

Tulidhani ameota. Kesho yake wakapiga wa Ogwedhi. Halafu wa Migori. Kwa Bhoke Oliver hakuwepo tena. Alikuwa akihama mlango hadi mlango, kwenye picha za watu asiowajua, akitafuta kwao. Katika picha ya kwao wenyewe, Milka alikuwa amesimama peke yake.

Milka alikwenda Ntimaru. Alipofika, mlango pichani ulikuwa mtupu. Alikwenda Ogwedhi, yakawa yale yale. Alirudi miguu imevimba.

"Nichapishe mimi kwa kitambaa," alimwambia Edith. "Unizike pale kaburini."

"Mama, tafadhali usiseme hivyo."

"Mtoto amepotelewa na nyumbani. Nani atamwonyesha?"

Edith alikataa, akaificha kamera kwangu. Hakuikumbuka ile picha ya familia ukutani.

Asubuhi kitanda cha Milka kilikuwa kitupu. Ukutani palikuwa na msumari tu. Lile shimo, ambalo hakuna aliyethubutu kulifukia, lilikuwa limejaa udongo hadi juu. Tulitafuta jembe lililofanya kazi hiyo tusilione. Tulilikuta tulipofukua, chini kabisa, chini ya udongo wote, limelala kando ya fremu. Pichani palikuwa na mlango tu. Milka hatukumwona, wala hatujamwona hadi leo.

Bhoke alipiga simu siku hiyo hiyo. Edith hakuweza kuipokea, nikapokea mimi.

"Wako wawili," Bhoke alinong'ona. "Mama amepiga magoti. Ako na beseni ya maji, anamwosha uso."

Namshukuru Mungu, nilisema, amempata. Nikauliza kama sasa wanaonekana wametulia.

Nilimsikia Bhoke akilia.

"Anaosha tu," alisema. "Tangu asubuhi. Udongo haitoki."