Mume Wangu Alinisemea, Kibanda cha Mama Kikaenda

Nina miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili, mkaazi wa Majengo, Pumwani. Nina kigugumizi tangu utotoni. Jina langu mwenyewe, Mwanaidi, ndilo linalonishinda zaidi. Wasomaji wenzangu, mnajua uchungu wa kuulizwa jina ukabaki umeachama?

Nikiwa mdogo mama alinipeleka hospitalini kwa mtaalamu wa usemi. Nilifundishwa kuvuta maneno polepole. Nyumbani binamu zangu wakanicheka, eti naimba taarabu. Nikaacha kwenda.

Kisha nikaolewa na Rashidi. Huyu hakunicheka hata siku moja. Nikikwama, ananimalizia. Dukani, kliniki, kwenye simu, yeye ndiye msemaji. Nikaona nimepata mume wa kumshukuru Mungu... kumbe!

Mama alikuwa na kibanda cha viatu vya akala, vile vya matairi, sokoni Kariokor, na mimi ndiye niliyeshona naye miaka yote. Alipofariki, baada ya arobaini, wazee walikaa kugawa alichoacha. Mjomba akaniuliza nasemaje kuhusu kibanda. Nikaanza... ki... ki... Rashidi akaniwekea mkono begani, akasema kwa upole, "Anasema apewe kaka yake, Salim. Yeye watoto wanamtosha."

Nilitikisa kichwa kukataa. Machozi yakanitoka. Wakadhani namlilia mama. Wakasoma Fatiha, wakaondoka.

Hata mwezi haukuisha, nikamkuta Rashidi kibandani, anauza pamoja na Salim. Walikuwa wamepanga mapema! Nilipomuuliza, alinijibu bila haya, "Na wewe ungewaambia nini? Si wangekesha wakikungoja."

Maneno hayo ndiyo yaliyonirudisha hospitalini, mtu mzima na mtandio wangu, kwenye benchi moja na watoto wa chekechea. Mtaalamu aliniambia nisikifiche kigugumizi. Nikwame, nipumue, niendelee, na anayenikatiza nimwambie angoje. Mazoezi niliyafanyia Soko la Burma, bucha baada ya bucha, nikiuliza bei ya matumbo. Wengine walinigeuzia mgongo. Nikauliza tena.

Nilipojiona niko tayari, niliwaita wazee. Rashidi akafungua mdomo. Nikamwambia, "Ni... ningoje, nimalize." Nikasema yote, kwa kukwama, mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyenikatiza.

Mjomba akainamisha kichwa. "Mwanangu," akasema, "haya mbona hukuyasema siku ile?"

Kibanda kilikuwa kimeshaandikwa jina la Salim, na mjomba mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi. Nani angekubali kurudi nyuma? Leo nashona viatu kwa kibarua, vibanda vitatu kutoka pale alipokuwa akikaa mama. Nilienda kwa kadhi kudai talaka. Aliponiuliza nani atanisemea, nilimwambia hakuna.

Ndugu yangu mwenye kigugumizi, nakusihi usiache tiba kwa ajili ya vicheko vya watu. Na anayekumalizia maneno kila siku mzuie mapema, hata kama unampenda. Mimi nilijifunza kusema wakati hakukuwa tena na cha kugombania.