Ukanda Uliohamishwa

Kila Jumamosi, kabla jua halijakasirika, Chepchumba alitandaza turubai mbele ya gereji ya mama yake hapo Kanamkemer, mjini Lodwar, kisha akamwaga juu yake gunia la vyuma vilivyotoka Kakuma. Vilikuwa viungo vya pikipiki zilizokwisha kufa: koili, swichi, waya, na rektifaya, vile vifaa vya kupeleka umeme kwenye betri, zenye mapezi kama ya samaki. Kazi ya Chepchumba ilikuwa kuvipangusa vumbi. Kazi ya mama yake, Fundi Jepkoech, ilikuwa kuvifufua.

"Chuma kikuukuu si takataka," mama alipenda kusema. "Ni kazi iliyokatizwa njiani."

Gereji ile ilikuwa na sheria yake. Kila kifaa kilipimwa kwa mita ya umeme mara mbili. Mara ya kwanza kilipimwa kikiwa baridi. Kisha kilianikwa juu ya bati, kwenye jua la Lodwar, mpaka kikawa hakishikiki kwa mkono mtupu. Hapo kilipimwa tena, kwa sababu vipo vifaa vinavyosema kweli asubuhi na kudanganya mchana. Kilichofaulu mara zote mbili kilifungwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya gurudumu. Kilichoshindwa kilitupwa katika debe. Aliyepima ndiye aliyefunga ukanda. Mama alipouona ukanda, hakuuliza tena.

Chepchumba aliwahi kupewa ile mita. Lakini alichoka kungoja bati lipate moto, akafunga ukanda kwenye kifaa alichokipima mara moja tu. Mama alikigundua kabla hakijatoka gerejini. Hakugomba. Alisema tu, "Bado hujaiva. Endelea kupangusa." Chepchumba aliendelea kupangusa, akijua kwamba siku moja mita itarudi mikononi mwake. Ingemwendea nani mwingine?

Ndipo alipokuja Akai.

Akai alisoma darasa moja na Chepchumba. Mama yake Akai aliuza makaa karibu na gereji. Siku moja alipita kusalimia, akasimama akikodolea macho pikipiki iliyofunguliwa, halafu akauliza kwa upole, "Mama Fundi, mbona huo waya umeungua upande mmoja tu?"

Mama aliinua kichwa. Alikuwa ameutafuta ubovu huo tangu asubuhi. Alicheka, akampigia Akai makofi kwa mikono yenye grisi. "Njoo hapa, fundi wangu!"

Fundi wangu. Jina hilo lilimchoma Chepchumba kama cheche. Tangu alipokuwa mdogo, asiyeweza hata kuinua spana, jina hilo lilikuwa lake peke yake. Sasa alilisikia kila Jumamosi likiitwa, akageuka, na kukuta kwamba si yeye anayeitwa.

Tangu siku hiyo mita ilikuwa mikononi mwa Akai, naye hakuchoka kungoja. Aliketi kando ya bati, kitambaa kichwani, akitema mate kwenye chuma ili asikie kama kinachemka. Alifunga ukanda kwa fundo la kwao, lile ambalo mama yake hufungia magunia ya makaa. Halikufunguka mpaka likatwe.

"Umekuja kujifunza au umehamia?" Chepchumba alimuuliza siku moja.

Akai alidhani ni mzaha. "Nikihamia nitalala wapi? Kwenye debe la vyuma?"

Chepchumba hakucheka.

Jumamosi iliyofuata alifika Lokitela, mwendesha bodaboda aliyejulikana mji mzima kwa pikipiki yake ya zamani aliyoiita Punda.

"Ejok, Fundi!"

"Ejok-noi, Lokitela. Punda amefanya nini tena?"

"Huyu amenichosha! Betri inalala kila siku. Nikibonyeza honi, inalia kama mbuzi mwenye kikohozi. Na leo nina safari. Nabeba dawa ya mbuzi wa kaka yangu kule Kalemng'orok. Wanaumwa vibaya, Fundi. Dawa inatakiwa ifike kabla ya jioni."

Mama aliwasha injini, akagusisha mita kwenye betri, akaongeza kasi ya injini. Namba haikupanda. Alipima koili, akatikisa kichwa. "Injini inazalisha umeme vizuri. Rektifaya ndiyo imekufa, haiupeleki kwenye betri. Na Punda wako plagi yake inategemea betri. Betri ikiisha, injini nayo inazima. Akai, ninayo rektifaya ya namna hii?"

"Ipo, Mama Fundi. Ziko mbili zinazofanana. Moja imekataa ilipopata moto. Nyingine ni nzima, nimeifunga ukanda."

"Fundi wangu!" alisema mama. Kisha akaongeza, akijipangusa mikono, "Jumamosi ijayo naenda Kakuma kwa Mukendi kuchagua vyuma. Punda akitoka hapa salama, utakwenda nami. Macho kama yako yanapaswa kuliona lile rundo."

Chepchumba aliacha kupangusa. Kakuma! Kila alipokwenda kwa Mukendi, mama alimpakia yeye nyuma ya pikipiki yake. Mukendi, Mkongo mwenye kicheko kikubwa, alimpa chapati na kumwacha apande juu ya rundo la vyuma kama mlima wake mwenyewe. Na nyuma ya pikipiki palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu, kwa kuwa gunia nalo lilihitaji mahali.

"Mama, na mimi?"

"Wewe utabaki na gereji."

Mama aliingia ndani kutafuta skrubu. Akai alikwenda kwa mama yake kunywa maji. Lokitela alikuwa kivulini akipiga simu, amewapa mgongo.

Chepchumba aliitazama ile rektifaya yenye ukanda. Katika debe, juu kabisa, ilikuwapo ile mbovu, pacha wake. Hakulikata fundo la Akai. Aliuvuta ukanda taratibu, pezi moja baada ya jingine, mpaka ukachomoka mzima. Akauvisha kwenye ile mbovu. Ile nzima akaitumbukiza katika debe.

"Atajua leo fundi ni nani," alijisemea.

Mama alirudi, akauona ukanda, akaukata kwa kisu na kuuacha udondoke mchangani. Akaifunga rektifaya. Ilikuwa bado baridi, ikafanya kazi. Mita ilipanda vizuri, taa zikawaka, honi ikalia mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Huyu sasa ni farasi!" alipiga kelele Lokitela, akaondoka na dawa yake akipunga mkono.

Adhuhuri ilipita. Chepchumba hakuweza kula. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimshtua.

Hatimaye Lokitela alirudi akiisukuma Punda mchangani, shati limemganda mgongoni.

"Fundi, umeniua!" alifoka. "Tumeuacha mji nyuma, jua limepanda, taa zikaanza kufifia, halafu injini ikazima kabisa! Dawa nimempa dereva wa lori nisiyemjua. Sijui itafika lini, sijui kama itafika. Nani alipima hiki kitu?"

Akai alisimama. "Ni mimi."

"Wewe! Mtoto wa makaa arudi kwa makaa! Mbuzi wa watu wanakufa kwa sababu ya mchezo wako!"

Akai aliokota ule ukanda uliokatwa. Aligeuza fundo mara kadhaa, akilichunguza. "Fundo ni langu," alisema polepole. "Mama Fundi, nilidhani niliipima mara mbili. Labda nilichanganya. Nisamehe." Akaifunga mita katika kitambaa chake, akaiweka juu ya turubai, akaondoka bila kutazama nyuma.

Mama alishusha pumzi. "Chepchumba, chukua mita. Tafuta nyingine iliyo nzima. Na safari hii ulingoje bati."

Hilo ndilo alilolitamani. Mita ilikuwa mkononi mwake, mama alikuwa ubavuni mwake, na Akai hayupo. Lakini alipokifungua kitambaa cha Akai, hakuthubutu kutazama upande wa makaa.

Alipima kila rektifaya iliyokuwa juu ya turubai. Hakuna iliyofaa Punda. Ilibaki moja tu, ile iliyokuwa katika debe. Aliitoa, akaipima mbele ya mama na Lokitela. Umeme ulipita upande mmoja na kukataa kurudi upande wa pili, kama inavyotakiwa. Akaianika kwenye bati, akangoja, safari hii bila kunyanyuka. Ilipokuwa ya moto kabisa aliipima tena. Ilikuwa nzima.

"Ajabu," alisema mama. "Kifaa kizima kinafanya nini katika debe la vibovu?"

Chepchumba alifumbua kinywa. Jibu lilikuwa tayari: Akai alisahau. Maneno mawili tu, na Akai asingerudi tena. Alianza, "Akai ali..." Macho yake yakaangukia ule ukanda uliokatwa, na lile fundo ambalo bado lilikuwa limekaza.

"Akai alipima vizuri," alisema, na machozi yakamtoka. "Ni mimi niliyeuhamisha ukanda. Sikutaka aende Kakuma. Sikutaka umwite fundi wako."

Lokitela alishika kichwa. "Yaani mimi nimesukuma pikipiki juani kwa sababu ya wivu wa watoto?"

Mama aliokota spana, akampa Chepchumba. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini, nayo ilimwogofya Chepchumba kuliko kelele. "Ifunge hiyo rektifaya wewe mwenyewe. Mwombe Lokitela msamaha. Halafu uende kwa Akai, peke yako."

Chepchumba alimkuta Akai nyuma ya nyumba yao, akipanga makaa katika makopo. Alimweleza yote akitazama chini. Akai alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa myeusi mpaka kwenye viwiko.

"Jina tu?" aliuliza. "Ungeniambia, ningemwambia aniite Akai."

"Nisamehe."

"Lokitela ameniita mtoto wa makaa mbele ya watu, na wewe ulikuwa umesimama pale pale." Akai alijaza kopo jingine. "Leo siwezi. Njoo kesho."

Chepchumba alikwenda kesho yake, na kesho kutwa. Siku ya tatu Akai alimsogezea kopo. "Basi usisimame kama mlingoti. Jaza."

Siku hiyo hiyo Lokitela alipita gerejini. Dawa ilikuwa imefika, lakini ilichelewa. Mbuzi wengi walipona. Wawili hawakungoja. Alimtafuta Akai, akamwambia mbele ya mama yake, "Binti, nilikutukana bure. Ile rektifaya uliyoipima wewe haijanisumbua hata kidogo."

Jumamosi, Fundi Jepkoech alimpakia Akai nyuma ya pikipiki, wakaenda Kakuma. Chepchumba alibaki. Alipoiona pikipiki ikipotelea barabarani, wivu ulimrudia, ule ule. Aliumeza. Akatandaza turubai, akaanika vifaa kwenye bati, akakaa kando yake mpaka kila kimoja kikapata moto.

Walirejea jioni wakiwa weupe kwa vumbi. Akai aliteremka na gunia. "Mukendi anakusalimu. Ameuliza, 'Ule mtoto ya makelele iko wapi?' Amekutumia chapati. Nusu nimekula, njia ni ndefu."

Chepchumba alicheka, na Akai akacheka. Mama aliketi juu ya gurudumu kuukuu, akawaita wote wawili.

"Chepchumba, ile rektifaya mbovu nilipoipima Jumamosi iliyopita asubuhi, ilikuwaje?"

"Ilionekana nzima."

"Wivu nao ndivyo ulivyo. Kila mtu anao kidogo, na katika kivuli hauonekani. Mtu hujulikana akipata moto. Wewe ulipopata moto ulizima, na mbuzi wa watu wakafa. Lakini ulipopimwa mara ya pili, ulisema kweli ilipokuwa rahisi kudanganya. Nami nina kosa langu. Nilikazana kumsifu mmoja nikasahau kwamba mwingine anasikia. Kumpenda Akai hakukupunguza wewe, mwanangu, ila ilinipasa nikwambie. Mwenzako akiwa na macho makali, usimtie vumbi. Kaa karibu naye, uone anavyoona."

Kisha aliokota rektifaya moja kutoka kwenye bati. "Hii ni ya nani?"

"Nimeipima mimi," alijibu Chepchumba. "Mara mbili."

Mama alimpa ukanda. Chepchumba aliuzungusha, akajaribu fundo la magunia ya makaa, likalegea. Akajaribu tena, likalegea tena.

"Siyo hivyo," alisema Akai, akichuchumaa kando yake. "Pitisha chini kwanza. Haya, sasa vuta."