Karatasi Zilizokaushwa Darini

"Mashine hii naijua kama ninavyoujua mfuko wa shati langu," alisema Kristofa, akajipiga kifuani.

Shati alilovaa halikuwa na mfuko. Mkewe Esteria aliliona hilo. Akameza kicheko, kwa sababu mama yake mzazi alikuwa amesimama palepale dukani.

Duka la Kristofa na Esteria liko Lushoto mjini, kwenye mteremko wa kwenda sokoni. Wanachapa barua, wanatoa fotokopi, wanauza kalamu. Walimu huwaletea mitihani, vijana huwaletea barua za kuomba kazi. Mwaka huu wamepata mashine kubwa ya fotokopi, iliyokwisha kutumika Tanga. Ubavuni ina kisanduku kirefu. Kisanduku hicho hupokea kurasa zilizochapwa, hupanga, hubana kwa pini za stepla, kisha hutoa kitabu kizima. Tangu kisanduku kifike, Kristofa alikuwa akitembea kama bwana harusi.

Mama mkwe wake, Bibi Yusta, alikuwa ametoka Shume asubuhi. Huko yeye ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika.

"Baba," alisema kwa upole, maana mkwe hakaripiwi, "Jumapili kwaya za wanawake zinakutana kwetu. Mwaka jana tulishika karatasi zisizobanwa. Upepo ukapita. Nusu yetu tukaimba ubeti wa pili, nusu wa tano. Wageni walicheka mpaka wakasahau kusema amina."

"Poleni sana, mama."

"Safari hii wenzangu walitaka kazi iende Tanga. Nikasimama nikasema, mkwe wangu ataifanya. Wakaniuliza, yule mwenye maneno mengi? Nikajibu, huyohuyo. Sasa usiniangushe."

"Mama, nenda kapumzike. Vitabu vya nyimbo vitakuwa Shume kabla hujavua viatu!"

Bibi Yusta akafika Shume, akavua viatu, akalala, akaamka. Vitabu havijatoka hata kimoja.

Ilikuwa hivi. Lushoto ina ukungu, nanyi mnaujua. Msimu uliopita Kristofa aliweka karatasi zake chini, kwenye sakafu ya saruji. Zikanyonya unyevu, zikalegea kama chapati ya jana. Basi safari hii akatumia akili. Alizichukua rimu za karatasi, akachana makaratasi yake ya nje, akazipandisha darini, juu ya jiko la nyumbani. Huko ndiko Esteria anakotunza mahindi ya mbegu, yapate joto la moto na moshi.

"Baba Jenoveva," Esteria alimwuliza siku ile, "karatasi nazo utazipanda masika?"

"Mahindi yakikaa darini yanaoza?"

"Hayaozi."

"Karatasi imetokana na nini?"

"Na mti."

"Mti na mhindi si ndugu? Kaa kimya, mama, hii ni sayansi."

Esteria hakubishana. Lakini rimu chache alizificha dukani, kwenye rafu, zikiwa bado zimefungwa.

Sasa Kristofa akaleta karatasi za darini, akazipakia kwenye mashine. Akabonyeza. Mashine ikanguruma. Kitabu cha kwanza kikatoka. Kurasa zake zilikuwa zimejikunja kama majani ya kabichi. Ukurasa mmoja ulichungulia juu, mwingine pembeni. Pini ilikuwa imeshika jalada peke yake.

"Cha kwanza ni cha majaribio," alisema Kristofa.

Cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Cha tatu hakikutoka kabisa. Ndani ya kisanduku kulisikika *krrr*, kisha kimya. Taa nyekundu ikawaka.

Simu ikalia. Ni Bibi Yusta.

"Baba, vitabu vimefikia wapi?"

"Vinapoa, mama."

"Vinapoa? Kwani mmevipika?"

Kristofa akatazama zile karatasi za juu ya jiko. Akasema mtandao ni mbaya, akakata. Kisha akaingia nyuma ya duka, akarudi na kisu cha kumenyea viazi.

"Cha nini hicho?" Esteria akauliza.

"Kuna pini imekwama. Naichokoa."

"Ukivunja kitu humo ndani, utamweleza nini mama yangu? Amesimama mbele ya wanawake wenzake akakutetea. Weka kisu."

"Lakini Esteria..."

"Weka!"

Akaweka. Esteria akampigia simu Maryam. Huyu ni fundi wa mashine za ofisini kutoka Tanga. Wiki hiyo alikuwa anazungukia shule za wilaya. Ni msichana wa kucheka kwa sauti, na mkoba wake wa vifaa ni mkubwa kuliko yeye.

Maryam alipofika, kitu cha kwanza alichokiona ni chupa ya chai juu ya trei ya kutolea vitabu.

"Shikamoo, baba Jenoveva. Na hii nayo tuibane pini?"

"Marahaba. Hapo ni kama meza tu."

"Si meza. Trei hii inashuka kidogokidogo kadiri vitabu vinavyojaa. Ukiiwekea mzigo, mashine inadhani kazi imejaa, au inakwama." Akaiondoa chupa. Akajimiminia chai kikombe kimoja, kwa kuwa ilikuwa bado ya moto.

Kisha akakiokota kitabu kibovu. Akakinusa.

"Mbona kina harufu ya moshi?"

Kristofa akakohoa. Esteria akaeleza yote, dari na mahindi na sayansi. Maryam alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Njoo nikuonyeshe," akasema, akafungua mlango wa kisanduku. "Umewaona akina mama sokoni wanavyofunga mafungu ya karoti?"

"Kila siku."

"Wanafanyaje?"

"Wanazikusanya," alisema Esteria. "Wanazigonga mezani vichwa vilingane. Kisha wanafunga kamba."

"Basi humu ndani kuna mama wa karoti. Karatasi ikishachapwa, rola hizi zinaivuta ndani. Hivi vidole vya mpira vinairudisha nyuma mpaka igonge huu ukuta mdogo. Vibao hivi viwili vya pembeni vinaipigapiga, huku na huku, ikae sawa na wenzake. Inakuja ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Kurasa zikitimia, stepla inapiga. Pini inapenya juu, na chuma cha chini kinaikunja miguu. Ndipo kitabu kinasukumwa nje."

"Na karatasi yangu ilikosa nini?" Kristofa akauliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Ungempa yule mama karoti zilizopinda kama upinde, angezilinganisha?"

"Asingeweza."

"Ndivyo. Karatasi yenye unyevu inajikunja. Iliyokaushwa mno inajikunja pia, tena kurasa zinanatana. Haigongi ukuta vizuri, vibao haviishiki. Stepla nayo haingoji. Inapiga tu. Ikikuta kurasa hazikulala sawa, pini inapinda na kukwama mdomoni."

"Kwa hiyo sakafuni vibaya, darini vibaya. Niziweke wapi, kichwani?"

"Kichwani kwako kuna joto kuliko darini," alisema Esteria.

Maryam akawaeleza polepole. Karatasi ikae kwenye rafu, mbali na sakafu, ukuta wenye unyevu na moto. Ikae ndani ya karatasi yake ya nje mpaka siku ya kutumika. Ukitoa kiasi, funga zilizobaki. Kabla ya kupakia, zipepee kwa mkono ziachane, kisha zigonge mezani zilingane.

"Na ikikwama?"

"Simamisha mashine. Fungua mlango. Vuta katriji, hiki kijisanduku cha pini, hivi. Inua kifuniko cha mdomo wake. Toa pini zilizopinda tu, taratibu. Funga, rudisha katriji mpaka uisikie ikisema *ka!* Kisu usiingize. Kidole pia usiingize kwenye stepla. Haitofautishi kidole na ukurasa. Na kitabu kisizidi unene ulioandikwa hapa kwenye kibandiko."

Akampa Kristofa afanye mwenyewe. Mara ya kwanza katriji haikukaa. Mara ya pili ikasema *ka!* Taa nyekundu ikazimika.

"Sasa karatasi nzuri tutaipata wapi?" Kristofa akauliza. Alikuwa amekwisha kujiona mbele ya mama mkwe wake, hana la kusema, yeye mwenye maneno.

Esteria akainua mkono juu ya rafu. Akashusha zile rimu alizozificha.

"Mama Jenoveva! Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikujua wewe."

Wakazipepea, wakazigonga, wakazipakia. Mashine ikanguruma. Vibao vikapigapiga. *Tak, tak, tak, kacha!* Kitabu kikatoka. Kurasa zote zilikuwa sawa, pini mbili ubavuni zimelala vizuri. Esteria akakivuta kwa nguvu. Hakuna ukurasa uliochomoka. Kikafuata kingine, na kingine. Jioni sanduku lilikuwa limejaa. Kesho yake Maryam alikuwa anakwenda Shume kutazama mashine ya shule, akalibeba.

Kristofa naye akatwaa mbao, akapigilia rafu mpya ndefu. Karatasi za darini akazishusha, akazifunga upya zipumzike dukani. Zikinyooka, zitafaa kwa kurasa mojamoja.

Jumapili upepo wa Shume ulivuma kama kawaida yake. Wanawake wakafungua vitabu vyao. Wakaimba ubeti wa pili wote, wakaimba wa tano wote. Wageni safari hii hawakucheka. Wengine waliuliza vitabu vimechapwa wapi, na Bibi Yusta akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje: "Kwa mkwe wangu, Lushoto!"

Baada ya ibada watu walikula uani kwa Bibi Yusta. Kristofa alikuwa ameshika sahani, amezungukwa na shemeji zake. Aron, kaka mkubwa wa Esteria, akamwuliza kama kazi haikumsumbua.

"Isumbue nani?" alisema Kristofa. "Ilikwama kidogo. Nikaitazama mara moja tu, nikasema, wewe, tatizo lako ni pini. Ndani humo kuna kama mama wa karoti, mnaelewa? Nimegundua mwenyewe."

"Bila fundi?"

"Fundi wa nini? Angekuja fundi, ningemfundisha mimi."

Shemeji zake wakaacha kutafuna. Walikuwa wanatazama nyuma yake. Kristofa akageuka polepole.

Kazi ya shule ilikuwa haijaisha, na Bibi Yusta alikuwa amemkaribisha mgeni alale kwake. Maryam alikuwa amesimama pale na sahani ya wali, nyuma yake Bibi Yusta ameshika birika.

Kristofa alimzidi Maryam kwa miaka mingi. Hata hivyo aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, baba," alisema Maryam, akavuta kigoda, akaketi. "Endelea. Nimekuja kufundishwa."