Nani Analizima Lori la Mzee Pazi?

Kila Jumanne, kabla ya kengele ya shule, Samia alikuwa na kazi moja isiyokwepeka: kupeleka kapu la papa kwenye lori la Mzee Pazi. Mama yake, Bi Kijakazi, alikausha papa kwa chumvi uani kwao, Kilwa Kivinje, na wateja wake walikuwa wakulima wa Njinjo, huko bara. Papa wenyewe walikuwa wakavu kwa jina tu. Kapu lilichuruzika maji ya chumvi njia nzima, na nzi walimsindikiza Samia kama bibi harusi.

"Liweke nyuma kabisa, pembeni," mama alimwambia kila mara. "Mzee Pazi hataki papa mbele."

"Ndiyo, mama."

Hiyo ilikuwa zamani, enzi za Mwingereza. Kwenda Njinjo kulikuwa na lori hilo moja, mara mbili kwa wiki. Ukilikosa, miguu yako ndiyo gari lako.

Lakini tangu masika yaishe, lori liliingiwa na kitu. Lilikwenda vizuri, halafu ghafla taa zinapepesa, injini inazima, kimya. Abiria wanateremka, wanaguna. Hapo utingo, kijana wa Kimakonde kutoka Newala aitwaye Nikodemu, anafungua sanduku la bati lililo kwenye ngazi ya kushoto, mahali inapokaa betri. Anaingiza mkono, anachokoachokoa, anasema, "Washa!" Lori linawaka.

Watu wakaanza kutazamana.

Nyumba ya Bi Kijakazi haikukosa wageni. Alasiri wanawake walikuja na ukili wao, wakakaa kibarazani, vidole vikasuka na midomo ikasuka.

"Mimi nauliza tu," alisema jirani yao, Bi Sada. "Lori linakufa, dereva hajui, mwenye lori hajui, ila huyo mtoto wa Newala akitia mkono linafufuka. Kwa nini yeye?"

"Anayejua kufufua ndiye anayejua kuua," alijibu Bi Kijakazi.

"Na asubuhi hunong'ona! Nimemwona kwa macho yangu haya. Anafungua sanduku, ananong'ona, anajigusa kipaji na kifua."

"Si Mkristo yule? Anasali," mmoja akasema.

"Akasali kanisani. Betri imekuwa kanisa?"

Walicheka mpaka ukili ukawatoka mikononi. Samia, aliyekuwa akipepeta mchele, naye akataka kuchekewa. "Hata mimi nimemwona," akasema. "Ana spana, anaificha mfukoni!"

Kweli alimwona akitia spana mfukoni, kama mtu yeyote anavyotia spana mfukoni. Kuificha hakumwona akiificha. Lakini wanawake walisema, "Ehee! Sikieni hayo!" na Samia akajiona mkubwa. Kesho yake shuleni spana zilikuwa mbili. Ilipofika Ijumaa, zilikuwa zimefungwa kwa kitambaa cheusi.

Jumanne iliyofuata hakuna aliyecheka. Lori lilizima katikati ya mlima, likarudi nyuma lenyewe, likagota kwenye kichuguu. Bi Sada, aliyekuwa akienda kumwona binti yake, aliruka akateguka mguu. Walimrudisha nyumbani amebebwa kitandani.

Alhamisi alasiri Mzee Pazi akamwita Nikodemu mbele ya nyumba yake. Uwanja ulijaa. Bi Kijakazi alikuwapo, na Samia nyuma yake.

"Shikamoo, Mzee," alisema Nikodemu.

Mzee Pazi hakuitikia marahaba. "Nani amekutuma uliue lori langu?"

"Hakuna, Mzee. Waya wa betri unalegea, nami naukaza kila asubuhi. Betri inacheza. Nilimwambia Bakary."

Bakary, dereva, alikuwa amekunja mikono. "Aliniambia, nikamjibu kazi yake ni kufunga turubai. Tangu lini utingo akamfundisha dereva?"

"Spana mbili za nini?" mtu akapaza sauti.

"Na kile kitambaa cheusi?"

Nikodemu aligeuka huku na huku. "Kitambaa gani?" aliuliza. Samia akajikunyata nyuma ya mama yake.

"Kesho asubuhi nakupeleka bomani," alisema Mzee Pazi. "Ukajieleze kwa polisi."

Kijana akakaa chini mchangani. Akienda bomani kwa jina la mharibu magari, nani tena angempa kazi pwani yote, toka Kilwa hata Lindi?

Hapo akapenya mzee mmoja mwenye kikapu cha vifaa. Huyo alikuwa Fundi Abilahi wa Mtanda, Lindi, ambaye Mzee Pazi alimwita tangu siku ya ajali.

"Mnanionyesha mtu," alisema. "Nionyesheni kwanza gari."

Akafungua sanduku la bati, akaishika betri kwa mikono miwili, akaitikisa. Ikacheza, kwenda na kurudi.

"Betri hukaa kama jino la mtu mzima. Hii inakaa kama jino la mtoto wa miaka sita!" Watoto wakacheka. "Chuma cha kuibana juu kimekatika. Kitako chake chini kimeoza, tazameni." Alikiminya, kikamegeka kama mkate mkavu. "Lori likipita kwenye mashimo betri inaruka, inavuta waya, moto unakatika. Kijana akiukaza waya, mnafika mbele kidogo. Huyu ndiye aliyekuwa akiwafikisha Njinjo."

"Basi chuma amekikata yeye!" alisema Bakary.

"Kilichokatwa kina alama ya msumeno. Hiki kimeliwa na kutu." Fundi akainama, akanusa kifuniko cha sanduku. "Nilidhani maji makali ya betri yamemwagika. Lakini maji ya betri yanachoma pua. Haya yaliyopenya hapa ni ya chumvi, yananuka papa. Nani huweka papa hapa juu?"

"Hakuna," alisema Mzee Pazi. "Papa hukaa nyuma. Ni amri yangu."

"Kuna kapu, Mzee," Nikodemu akasema kwa sauti ndogo. "Kila Jumanne nalikuta hapo limefunikwa gunia, nalipandisha nyuma tukiondoka. Mimi nikiwa juu nafunga turubai simwoni anayeliweka. Nilidhani umeruhusu lisubiri hapo."

"Kapu linatembea lenyewe!" alidakia Bakary. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata waliokuwa wameanza kumwonea huruma wakatikisa vichwa. Uongo gani huo?

Samia peke yake ndiye aliyejua kwamba si uongo. Nyuma ya lori kulikuwa juu, abiria walimfukuza kwa harufu, na kengele ya shule ilikuwa karibu kulia. Sanduku la betri lilikuwa karibu, tena bapa kama meza. Miezi mitatu alilitua kapu hapo, akatupia gunia, akakimbia. Na kila Jumanne alimjibu mama, "Ndiyo."

Akisema, mama ataaibika mbele ya mji, na papa wao huenda wasipande lori tena. Asiposema, hakuna atakayejua. Alimtazama Nikodemu pale mchangani. Naye Nikodemu hakumtazama mtu.

"Ni mimi," Samia akasema.

"Nini?" mama aligeuka.

"Kapu ni letu. Mimi ndiye ninayeliweka pale." Akatoka nyuma ya mama yake. "Na spana sikumwona akiificha. Niliongeza."

Mzee Pazi alivua kofia, akaivaa tena.

Siku ya pili Fundi Abilahi alifanya kazi, na Nikodemu ndiye aliyekuwa msaidizi wake. Walifungua waya, wakaitoa betri, wakaosha sanduku kwa maji ya magadi. Kwa chuma cha kitanda kibovu wakatengeneza kitako kipya, wakatandika kipande cha tairi chini, wakaibana betri kwa bolti mbili ndefu.

"Usikaze kama unanyonga kuku," fundi alionya. "Kasha litapasuka. Kaza huku kidogo, na huku kidogo. Sasa tikisa."

Nikodemu akatikisa. Lori zima likayumba, betri haikusogea hata unywele.

Mzee Pazi alisema mbele ya watu wale wale, "Nilikushutumu hadharani, nakuomba radhi hadharani. Kazi yako iko pale pale."

"Nimekubali, Mzee," alijibu Nikodemu. "Ila nikisema kitu kinacheza, nisikilizwe."

Bakary akaangalia pembeni. "Tutakusikiliza," akasema.

Jioni hiyo nyumbani, Samia bado alingoja kuchapwa. Mama yake alikaa kibarazani bila ukili mkononi.

"Kusema kosa la mtu mwingine ni rahisi, mwanangu," alisema. "Kusema kosa lako mbele ya watu ni kazi ngumu, na jana umeifanya. Lakini jifunze hili. Sisi tulimshuku mtu kabla hatujatazama kitu. Tulipokuwa tunamtazama yeye, chumvi yetu ilikuwa inakula chuma, na Bi Sada akaumia. Ungelisema tangu siku ya kwanza kwamba nyuma hupafikii, ningekuja kukusaidia. Sasa vaa ushungi."

"Twende wapi, mama?"

"Kila nyumba tuliyopeleka maneno, tupeleke na haya ya kweli."

"Hata wewe?"

"Nani alisema anayejua kufufua ndiye anayejua kuua? Mimi. Tena nikacheka."

Walianza kwa Bi Sada. Alikuwa amelala, mguu umefungwa matambara yenye dawa. Samia alieleza yote: kapu, gunia, spana. Bi Sada alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo mtaani hapo halijawahi kuonekana.

Kisha akajiinua kwa kiwiko. "Na huyo kijana," akauliza, "jana usiku alikula kwa nani?"

"Hatujui," alisema Bi Kijakazi.

"Miezi yote hii tunamsema, na hatujui hata anakula wapi! Samia, kamwite aje kwangu leo. Na safari hii atasema yeye, sisi tutasikiliza."