Mfumawasifu na Neno "Sisi"

Mfumawasifu ilikuwa mashine yenye ukubwa wa cherehani ya miguu, na kama cherehani, ilitoa mlio laini wa tak-tak-tak kila ilipofanya kazi. Mtu aliketi mbele yake kwenye kigoda cha ngozi, akaeleza maisha yake kama anavyomweleza jirani, nayo ikayachambua yale maneno na kuyafuma yakawa wasifu wa kuombea kazi. Juu yake ilining'inia karatasi ya mwanga, nyembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa, na humo maandishi yalijitokeza mstari kwa mstari. Dodoma ya miaka hiyo hapakuwa na askari mstaafu aliyeajiriwa uraiani bila kupita hapo.

Sajenti mstaafu Nyamizi Lugendo alikuwa ameeleza kwa nusu saa nzima. Karatasi ilionyesha mistari miwili tu: Alizaliwa Urambo. Alistaafu akiwa na miaka arobaini na sita.

"Lo!" akasema. "Na hiyo miaka ya katikati nilikuwa nimelala?"

Eliwaza, karani wa dirisha namba nne, aliuma mdomo asicheke. "Mama, hii ni mara yako ya tatu. Leo ikitoka tupu, mashine itakupangia kazi yenyewe."

"Geti."

"Geti, mama. Miaka mitano."

Mageti ya mji yalijifungua yenyewe, maana yalizijua sura za watu; mlinzi aliwekwa pale ili wapitao wawe na wa kumsalimia. Nyamizi hakulitaka geti. Alitaka ile nafasi ya fundi kwenye kituo cha maji cha Hombolo, na maombi yalifungwa saa sita mchana. Sasa ilikuwa saa tano na dakika kumi.

"Umesema 'tulifanya' mara themanini na mbili," Eliwaza akamwambia. "'Nilifanya', hata mara moja."

"Sasa jeshini nani anafanya kitu peke yake?"

"Mashine ina daftari lake. Kila tendo lina mwenyewe mmoja, ili watu wawili wasijisifie kitu kimoja. Ukisema 'sisi', haijui impe nani."

Nyamizi aliinama akachungulia chini ya mashine, kwenye vile visahani vya shaba vilivyozunguka polepole. "Kwani haikufundishwa wingi?"

"Imefundishwa. Lakini 'sisi' haajiriwi, mama. Kiti ni kimoja." Eliwaza akashusha sauti. "Kuna kitufe cha kugeuza. Kila 'tuli' inakuwa 'nili'. Wote wanafanya hivyo."

Akakibonyeza. Tak-tak-tak, karatasi ikajaa. Nyamizi akasoma, mwanzoni akitabasamu. Niliongoza punda-chuma ishirini. Hizo zilikuwa mashine za miguu minne zilizobeba maji kwenda kambi ya wakimbizi. Kisha akafika hapa: Nilikaa siku tatu chini ya tangi lililopasuka, nikiziba ufa kwa mikono yangu, watu elfu nne wasikose maji.

Tabasamu likamtoka. "Huyu si mimi. Huyu ni Koplo Mayenga."

Kabla Eliwaza hajajibu, taa nyekundu iliwaka na mashine ikasema, kwa upole wa mtangazaji wa redio: "Tendo hili lina mwenyewe. Mgovano Kihwele, fundi, kituo cha maji cha Hombolo. Mwombaji anaweza kumpinga."

"Mgovano? Mgovano alikuwa anakoroga uji!"

"Ukimpinga, tendo linakuwa lako, yeye anarudi kuandikwa upya," Eliwaza alieleza. "Ukinyamaza, mstari unafutwa. Na bila mstari huo, nafasi huipati."

Nyamizi akatazama saa. "Nipigie Mgovano."

Sauti ikaja na mvumo wa maji nyuma yake. "Afande!" Ungeisikia, ungejua mtu amesimama wima.

"Mgovano, ulikaa chini ya tangi lini?"

"Afande, mimi nilisema 'tulikaa'. Mashine ikageuza. Nilikuwa nimechoka na geti, sikubisha. Sasa kila mgeni akija hapa, bosi ananiita nimsimulie. Juzi nimejikuta nasimulia vidole vilivyokufa ganzi. Vidole vya Mayenga, afande."

"Na mimi niko wapi kwenye hayo masimulizi?"

"Hupo. Mayenga naye hayupo. Niko peke yangu." Akavuta pumzi. "Mtaje Mayenga, afande. Nitarudi kuandikwa. Mimi nilikoroga uji, na ulikuwa mzuri."

"Ulikuwa na mabonge."

"Mabonge kidogo tu! Na wewe kutwa kucha sikio kwenye bomba la tangi, unatuambia ufa umefika wapi. Hilo hukuwaambia?"

Hakuwaambia. Mikono yake siku zile ilikuwa mitupu, kwa hiyo hakuwahi kufikiri kwamba alikuwa anafanya kitu.

Akaigeukia mashine. "Nili..." Akakohoa. "Nilisikiliza bomba."

Tak.

"Ulijuaje mahali pa ufa?" ikauliza.

"Maji yakipita salama yananguruma. Penye ufa yanapiga mluzi. Ufa ukipanuka, mluzi unakuwa mnene."

Karatasi ikaanza kujaa maandishi ya kijani. "Nani alikuwa chini ya tangi?"

"Koplo Mayenga Budodi."

"Nani alikoroga uji?"

"Praiveti Mgovano Kihwele."

Wasifu uliondoka saa sita kasoro dakika nne. Jibu lilirudi kabla Nyamizi hajainuka kigodani. "Wanakutaka Jumatatu!" Eliwaza akapiga makofi. "Wanasema vipimo vyao havijawahi kusikia mluzi."

Nyamizi alikuwa bado anacheka wakati kipaza sauti cha ukumbini kilipolia.

"Koplo Mayenga Budodi. Wasifu wako umekamilika. Nafasi tisa za kazi zinakusubiri. Fika dirisha namba nne."

Kwenye mabenchi, wastaafu kama arobaini waligeuza shingo kumtafuta mwenye bahati. "Nafasi tisa!" mmoja akasema. "Huyo Mayenga ni nani, jamani?"

Eliwaza alikuwa akipekua vitufe kwa haraka. "Mama, hapa hakuna mahali pa kuandika kwamba mtu..."

"Alikufa siku ya nne," Nyamizi akasema. "Maji yalikuwa yameshafika."

"Koplo Mayenga Budodi," mashine ikarudia kwa upole uleule. "Fika dirisha namba nne."

Eliwaza akanyoosha mkono aizime.

"Acha, mwanangu. Iache imwite."

Nyamizi alikuwa amekwisha kusimama, visigino vimebanana, uso ameuelekeza mlangoni.