Pakiti Mbili, Dawa Moja

Kafedha alikuwa akifua mashuka ya hoteli kule Bamburi. Jioni alirudi Kiembeni mgongo ukimuuma. Mumewe, Nguma, alimnunulia vidonge dukani, akawa anavimeza asubuhi na jioni.

Siku ya kumi aliamka na homa. Macho yalimwasha, na mdomo ukamtoka vidonda.

"Labda ni sabuni ya kazini," Nguma alisema.

"Sabuni siitii mdomoni," Kafedha akamjibu kwa taabu.

Mamake Nguma alidhani ni surua. Jirani akasema ni samaki aliyekula. Nguma aliwasikiliza wote, asijue ashike lipi. Ili homa ishuke, akanunua vidonge vingine, vya pakiti nyekundu. Kafedha akameza.

Kesho yake madoa yalimjaa kifuani, yakafura malengelenge. Nguma alipomshika mkono amwinue, ngozi ilibanduka. Akamkimbilia Bi Mwanatabu, mhudumu wa afya wa mtaa.

Bi Mwanatabu alifika, akamtazama mgonjwa, akauliza, "Amekuwa akimeza nini?"

"Dawa za maumivu tu. Hizi za kwanza, na hizi za jana. Ni tofauti."

Bi Mwanatabu akazipeleka pakiti zote mbili mlangoni penye mwanga. "Hebu soma hizi herufi ndogo."

Nguma akasoma polepole. "Ibuprofen." Akasoma pakiti ya pili. Ibuprofen.

"Jina kubwa ni la biashara, mwanangu. Hilo dogo ndilo dawa yenyewe."

"Lakini hata mimi huzimeza, na sidhuriki."

"Wengi hawadhuriki. Wachache sana, mwili huzikataa namna hii, na mtu anaweza kufa. Asimeze tena. Usimpake kitu, wala usitumbue malengelenge. Twende hospitali sasa hivi. Pakiti zibebe, daktari azione."

Nguma alizibeba. Alikuwa bado haelewi vipi dawa aliyoitoa kwa mkono wake ndiyo iliyomchoma mkewe.

Kafedha alilazwa wiki tatu. Daktari alisema kuacha vile vidonge kulimsaidia sana. Akampa kadi yenye jina la dawa asiyopaswa kuimeza tena maishani.

Sasa amerudi kazini, ingawa macho hukauka upesi. Juzi kichwa kilimuuma. Mwenzake, Josephine, akampa kidonge.

"Chaitwaje?" Kafedha aliuliza.

"Ni cha kichwa tu."

"Jina lake?"

Josephine alikigeuza huku na huku. Hakulijua.

Kafedha akachukua kadi yake, akaenda kwa muuza dawa. Josephine akamfuata, kidonge mkononi.