Nusu Mzunguko

Kila Jumamosi, baada ya swala ya alfajiri, Mwaija alitoka nje na nyundo ndogo mkononi akaanza kugonga matairi ya pikapu ya mama yake. Majirani zao pale Segera walishamzoea. Wapita njia ndio waliosimama na kujiuliza kama mtoto yule ana akili timamu, maana si kila siku unamwona msichana wa darasa la sita ameinama kando ya gari, anagonga tairi na kutega sikio.

Mama yake, Bi Faudhia, alikuwa dereva wa mizigo. Siku za kazi alibeba mahindi kutoka Mazingara, na Jumamosi alipanda Lutindi kufuata kabichi na ndizi za kupeleka Korogwe. Barabara hizo ni za mawe na makorongo, na hula matairi kama mchwa wanavyokula mbao. Kwa hiyo mbele Bi Faudhia aliweka matairi mapya, na nyuma akaweka ya kuvalishwa. Tairi la kuvalishwa ni tairi kuukuu ambalo mwili wake bado ni mzima. Hupelekwa kiwandani, likakwanguliwa, kisha likabandikwa mpira mpya wenye kashata nene, yaani meno ya tairi. Linashika matope vizuri na bei yake ni nafuu. Lakini jiwe kali likilikata, maji na mchanga huingia kati ya mpira wa zamani na ule mpya, na viwili hivyo huanza kuachana polepole bila mtu kuona.

Fundi Yordani wa Korogwe, aliyeyafunga matairi hayo, ndiye aliyemfundisha Mwaija kuyasikiliza. Palipo pazima, nyundo huruka na sauti huwa kavu. Palipoachana, nyundo hulala na sauti huwa nzito, kama unagonga gunia la pumba. Tena kulikuwa na sharti moja: ukimaliza kugonga, gari lisogezwe nusu mzunguko wa gurudumu, ugonge tena, kwa sababu ile sehemu iliyokanyaga ardhi haifikiki kwa nyundo. Mwaija aliijua kazi hiyo kuliko alivyojua hesabu za sehemu, ambazo kwa kweli hakuzijua sana.

Jumamosi moja ya msimu wa vuli walipanda Lutindi bila shida. Kabla ya kuteremka, matairi hugongwa upya. Mwaija hugonga mara ya kwanza wakati gari likipakiwa, mama husogeza gari nusu mzunguko, naye hugonga mara ya pili. Ila siku hiyo wasichana wa pale walikuwa wakicheza rede, mchezo wa kukwepa mpira, na walipungukiwa mtu mmoja. Mwaija akaingia, mara moja tu, alijiambia. Mara moja hiyo ikawa nusu saa. Mama, akidhani kazi ya kwanza imeshafanyika, alisogeza gari. Mwaija aliposikia honi, kabichi zilikuwa zimejaa hadi juu, abiria watano wamekaa juu yake, na mvua inanyemelea. Aligonga matairi haraka haraka pale yaliposimama, akaingia mbele akihema.

"Umegonga mara mbili?" mama aliuliza.

"Mara mbili, Mama."

Hivyo ndivyo uongo unavyotoka, kwa wepesi, mtu akiwa bado anahema kwa mchezo. Mama aliwasha gari.

Mbele walikuwa watatu na kichanga. Kando ya Mwaija aliketi Emiliana, mwalimu wa chekechea, amempakata mwanawe wa miezi minne. Mtoto alikuwa amelala, na kila gari liliporuka, mguu wake mdogo uligusa mkono wa Mwaija. Alijaribu kutazama migomba. Alijaribu kujiambia kwamba wiki iliyopita matairi yalikuwa mazima, na juzi pia. Mguu ule ukamgusa tena. Mbele yao kilikuwa kipande cha tambarare, na baada ya hapo barabara inashuka kwa kona kali, mkono mmoja ukingo wa udongo, mkono mwingine bonde. Tairi la nyuma likibanduka mpira pale, gari lililojaa hivyo halishikiki. Mwaija alilijua hilo kwa sababu Fundi Yordani hakuwahi kumficha.

Aliogopa kona, na aliogopa aibu mbele ya watu wote wale. Aliamua aibu ni nafuu.

"Mama, simamisha gari," alisema. "Nimekudanganya. Nimegonga mara moja tu."

Bi Faudhia alisimamisha gari pale pale kwenye tambarare, akashuka, akaweka mawe kwenye magurudumu. Abiria walitaka kujua kuna nini, naye aliwaeleza yote bila kumficha mwanawe. Mwaija alitamani ardhi ipasuke. Mzee Mwinjuma, mwenye kabichi, alilalamika kwamba lori linalochukua mzigo wake Korogwe halitamngoja, akaongeza kwamba ameshasema siku nyingi juu ya hayo matairi ya viraka.

Mama alichukua nyundo akagonga mwenyewe, tairi baada ya tairi. Sauti ilikuwa kavu kote. Watu walishusha pumzi, na Mzee Mwinjuma akapanda tena juu ya kabichi zake.

"Mazima hayo, Mama Mwaija. Twende kabla ya mvua."

Bi Faudhia aliangalia wingu, akaangalia watu, akaenda kwenye mlango wa gari. Nadhani hata yeye alishawishika, maana mtu mzima naye huchoka kulaumiwa. Lakini Mwaija alikuwa amesimama mbele ya pikapu na hakuondoka.

"Bado nusu mzunguko, Mama."

"Mtoto huyu atatulaza njiani," mtu mmoja alinung'unika kule juu.

"Tulale," alisema Mwaija. Miguu ilibaki pale pale.

Mama akaondoa mawe, akasogeza gari nusu mzunguko, akayarudisha mawe, akampa nyundo. Mwaija alianza na tairi la nyuma kushoto. Kavu. Akazunguka kulia, akaanza chini, akapanda taratibu kuelekea juu. Juu kabisa, pale palipokuwa pamekanyaga ardhi, nyundo ikalala. Aligonga tena mahali pale pale, ili kila mtu asikie, na sauti ikatoka nzito.

Mama alichomeka bisibisi kwenye ufa mdogo uliofunikwa na tope, ikazama hadi mpini. Alipoinua, mpira ukafunuka na mchanga mbichi ukamwagika. Ulikuwa umeachana kiasi cha kiganja kizima. Emiliana alimkumbatia mwanawe kwa nguvu hata akamwamsha.

Mvua ikanyesha wakiwa bado wanashusha mzigo. Jeki ilizama kwenye matope, ikabidi watafute jiwe bapa la kuiwekea. Mwaija alibeba kabichi mbilimbili, akazipanga kando ya njia, kisha akazirudisha mbilimbili tairi la akiba lilipofungwa, na hakukubali kupumzika hata alipoambiwa. Mzee Mwinjuma ndiye aliyekaza nati za mwisho.

Walifika Korogwe lori limeshaondoka, na kabichi zikauzwa pale pale sokoni. Kwa Fundi Yordani, tairi lile lililazwa chini, naye akalikagua kwa vidole. Aliuliza ni nani aliyeligundua kabla ya mteremko. Mzee Mwinjuma aliwahi kujibu kwamba ni binti huyu, tena aligoma kama jabali. Fundi akaanza kumsifu. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza hapo na kuzipokea zile sifa.

"Fundi, mimi pia ndiye niliyeliruka," alisema Mwaija. "Nilikuwa nacheza rede, nikamwambia Mama nimegonga mara mbili."

Mzee Mwinjuma alitaka kujua basi kama matairi ya namna hiyo hayafai kutupwa kabisa.

"Hata jipya hukatwa na jiwe, mzee," fundi alijibu. "Tairi la kuvalishwa halimdanganyi mtu. Ukiligonga lote, linakwambia hali yake. Hapa aliyedanganya si tairi."

Bi Faudhia alimvuta Mwaija pembeni, akainama hadi macho yao yakalingana.

"Mwanangu, nikishika usukani siyaoni magurudumu ya nyuma. Naendesha kwa neno lako. Ukinipa nusu ya ukweli, mimi na wale wote tunashuka mlima gizani. Uongo wako umeniuma, sitakuficha. Lakini uliukiri mwenyewe, mbele za watu, na ukasimama mpaka kazi ikaisha. Ndiyo maana tumefika. Kazi ambayo watu wanaitegemea haifanywi nusu, na ukikosea, sema mapema."

Mwaija alilia, na mama akamwacha alie.

Tairi jingine lilipokuwa tayari, mama aliingia kwenye gari. Mwaija hakupanda. Aligonga magurudumu yote manne, akaomba gari lisogezwe, akagonga tena bila haraka, kisha akaja kuketi.

"Mara mbili, Mama. Yote mazima."

Bi Faudhia hakuuliza kitu kingine. Aliwasha gari, wakaondoka.